"YA ASILI" SI HIRIZI

Mwaka huu sikusudii kuandika kuhusu mapenzi ya ujanani wala athari za mihadarati, maana mada hizo zimeandikwa humu jaridani hadi zimechakaa. Nataka kulizungumzia neno moja dogo ambalo naliona linatupotosha sote, wakubwa kwa wadogo. Neno lenyewe ni "asili".

Siku za soko hapa kwetu huja bwana mmoja na kipaza sauti chake. Hutandika gunia chini, akapanga mizizi, magome na chupa za maji meusi kama turungi, kisha akaanza: "Dawa yangu ni ya asili! Ni mizizi na majani tu! Haina kemikali hata chembe!" Watu humzunguka kama nyuki kwenye mzinga. Kwa maneno yake mwenyewe, dawa hiyo hutibu sukari, presha, maumivu ya mgongo, na mitihani inapokaribia hutibu hata usahaulifu wa wanafunzi. Mimi sina ugomvi na miti-shamba. Ugomvi wangu ni na ile sentensi yake ya mwisho. Haina kemikali? Basi ndani ya chupa mna nini? Maji yenyewe aliyochemshia mizizi ni kemikali. Chumvi ya ugali wa mboga ni kemikali. Hewa anayoivuta ili apate nguvu ya kupiga kelele ni kemikali. Na kama kweli mizizi ile haina kemikali yoyote, haiwezi kutibu hata kwikwi.

Maoni yangu ni haya, na anayetaka kunipinga ajitayarishe. Viumbe hai ndio wanakemia wa kwanza hapa duniani, tena wa kutisha. Walikuwa wakitengeneza dawa, rangi, manukato na sumu zamani kabla binadamu hajajua hata kuwasha moto. Kwa hivyo mtu akikwambia kitu ni cha asili, amekwambia tu kilikotoka. Hajakwambia kama kitakufaa au kitakuzika.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Hebu utazame mhindi uliosimama shambani. Sote tulifundishwa kwamba jani huchukua maji kutoka ardhini na hewa ya kaboni dioksaidi, na kwa nguvu za jua likaunda glukosi na kutoa oksijeni. Usanisinuru, basi. Tukajibu swali, tukapewa alama zetu nne, tukaendelea na mambo mengine. Lakini kwangu mimi hapo ndipo hadithi inapoanza! Kwa maana mmea haukomei kwenye sukari. Huichukua sukari hiyo, ukaongeza naitrojeni, fosforasi na salfa kidogo kutoka kwenye udongo, ukaunda kila kitu ulicho nacho: wanga wa punje, mafuta, protini, rangi ya ua, harufu, uchungu wa jani. Vitu hivyo ndivyo vinavyoitwa kampaundi, yaani elementi mbili au zaidi zilizoungana kwa kipimo maalumu.

Na vibarua wa kazi hiyo ni akina nani? Ni vimeng'enya. Sisi kwenye maabara tukitaka kuunganisha vitu viwili tunawasha moto, tunamimina asidi kali, tunavaa miwani, na mwalimu anasimama mlangoni akiomba Mungu. Jani hufanya kazi ngumu kuliko hiyo kwa joto la kivulini, bila moshi. Vimeng'enya vyake husimama kama vibarua wanaopokezana matofali: wa kwanza hubadilisha kitu kidogo tu akampa wa pili, wa pili akabadilisha kidogo akampa wa tatu, hadi mwisho wa mstari kinatoka kitu ambacho hakifanani kabisa na sukari iliyoanza. Akikosekana kibarua mmoja, kazi inasimama.

Sasa swali. Kwa nini mmea ujitaabishe hivyo? Wanga tunauelewa, ni akiba yake. Lakini uchungu, ukali na sumu, ni vya nini? Jibu ni kwamba mmea hauna miguu. Mbuzi akija, mkunde hauwezi kukimbia. Kiwavi akipanda juu ya jani, jani halina mkono wa kumpangusa. Kwa hivyo mimea hupigana kwa kile inachoweza kuunda. Kahawa ya Kangundo na chai ya Kericho si ndugu hata kidogo, lakini kila mmoja kivyake hutengeneza kampaundi ile ile, kafeini, ambayo kwa wadudu wengi ni sumu. Sisi tunainywa ili tusisinzie wakati wa kudurusu. Pilipili nayo hutengeneza kitu cha kuwachoma wanyama wenye meno ya kusagia mbegu, ilhali ndege hawausikii ukali ule hata wakimeza pilipili nzima. Ndege hazisagi mbegu, bali huzipeleka mbali na kuziangusha pamoja na mbolea yake. Je, huo si ujanja?

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko jikoni. Kitunguu kikiwa kizima hakimlizi mtu. Unaweza kulala nacho kitandani. Ukikikata tu, machozi! Sababu ni kwamba ndani ya seli zake kampaundi yenye salfa imewekwa chumba kimoja na kimeng'enya kimewekwa chumba kingine. Kisu kinabomoa ukuta, wawili hao wanakutana, na kunatokea gesi inayopanda machoni. Kitunguu hakibebi silaha iliyo tayari. Hubeba sehemu zake tu, na adui ndiye anayeziunganisha kwa meno yake mwenyewe.

Muhogo hutumia ujanja uo huo, ila huo si wa machozi tena. Ndani ya muhogo mna kampaundi iitwayo linamarini, na pembeni, mahali pengine, mna kimeng'enya chake. Mnyama akiutafuna mbichi, au ukiukuna, viwili hivyo vinakutana na hatimaye inatoka haidrojeni sayanaidi. Ndiyo, sayanaidi ile ile unayoisikia katika hadithi za majasusi. Muhogo mtamu huwa na kidogo, mchungu huwa na nyingi. Ndiyo maana watu wanaokula muhogo mchungu huumenya, wakauloweka siku kadhaa, wakauanika, ndipo wakausaga. Si uvivu wala ushirikina. Ni kuipa sumu nafasi ya kutoka.

Na wanapokosa muda, mambo huharibika. Mwaka wa 1981 ukame uliupiga mkoa wa Nampula nchini Msumbiji. Njaa ilipozidi, watu walifupisha siku za kuutayarisha muhogo mchungu. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao watoto na akina mama, walipooza miguu kwa ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo, ambako ulielezwa na madaktari tangu mwaka wa 1938. Miguu ikishapooza hivyo haiponi. Hebu nambie, muhogo ule ulitiwa kemikali na nani? Hakuna aliyeupulizia dawa wala kuuwekea mbolea ya dukani. Ulikuwa wa asili mia kwa mia.

Nilipoyasema haya katika mjadala wa Chama chetu muhula uliopita, mwenzangu mmoja mwenye ulimi mkali alisimama akasema, "Mababu zetu walikula vya asili, wakaishi miaka mia na meno yao yote mdomoni. Nyinyi wa kemia ndio mnakufa mapema." Ukumbi ukapasuka kwa makofi. Nilipewa dakika moja ya kujibu na haikutosha, kwa hivyo najibu hapa, mahali ambapo kengele haitanikatiza.

Mababu zetu hawakuamini asili hata siku moja! Wangeiamini, tusingezaliwa. Walioloweka muhogo ni wao. Waliojenga ghala lililoinuliwa juu ya nguzo ili hewa ipite chini ya mahindi ni wao. Waliotwanga mahindi kinuni hadi ganda likatoka, ukapatikana muthokoi tunaoula hadi leo huku Ukambani, ni wao. Walijua jani gani mbuzi hulikwepa, na kijiti kipi hakifai kuchomea nyama. Hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na kumbukumbu ya waliokufa, na hiyo ni shule kali kuliko hii yetu.

Tena wao wenyewe waliitumia kemia ya mimea kama silaha. Nani asiyejua sifa za mishale ya Wakamba? Sumu yake ilipikwa kutokana na mti ambao Waswahili huuita msungu, na ambao wanasayansi huuita Acokanthera. Mti huo hutengeneza kampaundi iitwayo wabaini. Ikiingia damuni huushika moyo hadi ukasimama. Lakini ikipitia tumboni huingia mwilini kidogo sana, ndiyo maana mwindaji aliweza kumla mnyama aliyemwangusha kwa mshale. Kuna hata panya mmoja wa Afrika Mashariki, mkubwa, mwenye manyoya marefu, jina lake la kisayansi Lophiomys imhausi. Mwaka wa 2011 wanasayansi walieleza kwamba panya huyo hutafuna gome la mti huo kisha akajipaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni, na mbwa anayemuuma hujuta. Panya! Na wabaini hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo sana cha sindano, madaktari wa Ulaya waliitumia katika karne iliyopita kuwatibu wagonjwa wa moyo. Mti ni ule ule na kampaundi ni ile ile. Kilichotofautiana ni kiasi na njia ya kuingilia mwilini. Yule bwana wa sokoni mwenye chupa, ukimwuliza kiasi, hukwambia, "Kunywa tu kikombe asubuhi na jioni." Kikombe kipi? Cha nani? Mtoto wa miaka mitatu na babu wa themanini wanywe sawa?

Hapa niseme wazi kwamba miti-shamba ina heshima yake. Dawa ya malaria tunayopewa zahanatini siku hizi ina artemisinini, na kampaundi hiyo ilitoka katika mmea uliokuwa ukitumiwa China tangu zamani. Bi. Tu Youyou na wenzake waliipata mwaka wa 1972 baada ya kusoma vitabu vya kale vya waganga wao, naye akatuzwa Nobel mwaka wa 2015. Lakini aliipataje? Hakusimama sokoni na kipaza sauti. Alijaribu mimea mingi, akagundua kwamba moto mwingi unaiharibu ile dawa, akaitoa kwa njia isiyotumia joto kali, kisha akaipima. Kupima ndiko kunakomtenganisha mganga na mbahatishaji.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana muhogo na mishale ni vitu tunavyoweza kuvicheka. Hili halichekeshi. Tunalila kila siku.

Mwaka wa 2004, mimi nikiwa bado sijazaliwa, watu 317 waliugua katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki, wilaya za Makueni na Kitui zikiathirika zaidi. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, ini likashindwa kazi. Watu 125 kati yao walifariki. Si mara ya kwanza. Mwaka wa 1981 watu 20 walilazwa hospitalini hapa Machakos kwa ugonjwa uo huo na 12 wakafa. Aliyewaua hakuwa mchawi, wala hakuwa mtu aliyetia sumu chakulani, ingawa wengi hudhani hivyo maafa yanapoingia nyumba moja na kuruka ya pili. Aliyewaua ni kuvu, ukungu wa rangi ya kijani na manjano uitwao Aspergillus flavus, unaoota juu ya mahindi na njugu karanga. Kuvu huyo hutengeneza kampaundi iitwayo aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu.

Wataalamu waliijua baada ya mwaka wa 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa sababu ya chakula kilichotengenezwa kwa njugu zilizooza. Sumu yenyewe haina ladha, haina harufu, na haionekani kwa macho. Ubaya wake mwingine ni kwamba haiogopi sufuria. Ugali utausonga hadi mwiko ukatike, aflatoksini itabaki pale pale, kwa maana moto wa jikoni haufikii joto la kuivunja. Na kinachonishangaza zaidi ni kazi ya ini letu wenyewe. Ini lina vimeng'enya vya kusafisha mwili, navyo vinapojaribu kuibadilisha aflatoksini ili itolewe nje, huigeuza ikawa kali zaidi, ikaenda kung'ang'ania chembe za urithi ndani ya seli. Anayekula nyingi kwa mara moja huugua kama wale wa 2004. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, hasa kama ana virusi vya homa ya ini aina ya B.

Je, mahindi ya 2004 yalikuwa ya wapi? Uchunguzi ulionyesha kwamba hatari kubwa ilikuwa katika mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa na wenyewe, yakahifadhiwa ndani ya nyumba yakiwa hayajakauka vizuri. Soma tena sentensi hiyo, ndugu msomaji. Mahindi ya nyumbani. Yale ambayo sisi sote husema ni salama kuliko ya dukani kwa sababu tunajua yalikotoka.

Na bado tunaendelea. Punje zikiota ukungu, nyumba nyingi hazizitupi, maana kutupa chakula ni dhambi. Hupewa kuku, au ng'ombe. Lo! Ng'ombe akizila, ini lake huibadilisha aflatoksini kidogo tu, na sehemu yake hutoka katika maziwa. Kwa hivyo kile ulichokiona hakifai kuliwa na wewe, unakiletewa kesho yake ndani ya chai, kimevaa kanzu nyeupe. Wengine huosha mahindi yaliyooza, wakayaanika, wakayauza. Kuchagua punje mbovu na kukoboa muthokoi kunasaidia kupunguza, lakini hakumalizi. Dawa ya kweli ni kukausha mapema, na kutoyalaza mahindi kwenye sakafu yenye unyevu.

Kuna njia nyingine inayonifurahisha kwa sababu inapigana na kiumbe kwa kiumbe. Si kila kuvu wa aina hii anajua kutengeneza aflatoksini. Wengine hawana uwezo huo, wamekosa baadhi ya vibarua wale wa matofali. Wanasayansi wamewakusanya wale wasio na sumu, wakawapaka kwenye punje za mtama zilizouawa ili zisiote, na mkulima humwaga punje hizo shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Kuvu wapole huenea na kuchukua nafasi ya wale wauaji. Bidhaa hiyo inaitwa Aflasafe, na hapa Kenya imekuwa ikitengenezwa Katumani, karibu na mji wa Machakos, katika kituo cha utafiti cha KALRO. Ni karibu kiasi hicho, na bado wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani ninasema asili ni adui. La hasha! Kuvu mwingine, binamu wa huyu muuaji, ndiye aliyetupa penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka wa 1928. Mmoja hutengeneza sumu ya ini, mwingine hutengeneza dawa ya vidonda. Nao ukungu hawana habari na sisi. Kila mmoja anatafuta riziki yake.

Upande wa pili wa kosa hili ni kuliogopa neno "kemikali". Miaka mia moja kamili kabla ya Fleming, yaani mwaka wa 1828, Mjerumani aitwaye Friedrich Wöhler alipasha moto kampaundi isiyotoka kwa kiumbe chochote, akapata yurea. Watu walishangaa, kwa sababu waliamini kwamba vitu vya miili ya viumbe haviwezi kuundwa bila nguvu fulani ya uhai. Yurea yake haikutofautiana hata kidogo na ile iliyomo katika mkojo. Nasi leo tunaweza kuthibitisha bila kwenda Ujerumani. Ini lako, wewe unayesoma, linatengeneza yurea sasa hivi kutokana na naitrojeni ya yale maharagwe uliyokula mchana, kisha figo zinaitoa. Duka la agroveti linauza yurea hiyo hiyo kwa gunia, asilimia 46 ikiwa ni naitrojeni, iliyotoka kiwandani. Mhindi hauulizi ilitoka kwenye figo au kwenye tanuri.

Au tuchukue pareto. Ua lile lililimwa hapa Kenya tangu miaka ya mwisho ya 1920, na kwa miaka mingi nchi yetu ikaongoza ulimwengu kwa kuliuza. Kampaundi zake, piretrini, huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu. Lakini jua huziharibu upesi, kwa hivyo wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, waliiga umbo lake wakaunda permethrini, wakaitangaza mwaka wa 1973. Vyandarua vingi vya kuzuia mbu vimetiwa dawa za jamaa hiyo. Sasa, ipi nzuri na ipi mbaya? Ile ya ua, mwaga bwawani uone samaki watakavyoelea matumbo juu. Ile ya kuigiza imewalinda watoto wengi na malaria. Hapo neno "asili" halikusaidii kuchagua. Itabidi uulize: ni kampaundi gani, ni kiasi gani, inaingia wapi, na nani ameipima.

Mbona basi maswali haya hayaulizwi sokoni? Nimeliwaza sana jambo hili, na nadhani sababu mojawapo ni lugha. Yule bwana wa chupa husema Kiswahili kitamu kilichojaa methali na vichekesho. Sayansi yetu husema Kiingereza, tena kile cha mtihani. Jioni nikifika nyumbani mama huuliza, "Leo mmefunzwa nini?" Nami hujikuta sina maneno ya kuvusha somo mlangoni. Linabaki kwenye daftari. Kwa hivyo katika mashindano ya kusikilizwa na mama yangu, mwuzaji anamshinda mwalimu wa kemia mabao matano kwa nunge, ingawa mwalimu ndiye mwenye ukweli. Walimu wetu msikasirike. Ninyi hamkuitunga silabasi. Lakini Chama cha Kiswahili kipo, na si lazima kila makala yetu yawe ya mafumbo na mashairi. Tungekuwa na ukurasa mmoja kila mwaka wa kuieleza sayansi kwa maneno ambayo nyanya anaweza kuyabishia.

Sisi wa kutwa tuna bahati ambayo wenzetu wa mabweni hawana, ingawa wao hutucheka kwa vumbi la miguu. Kila jioni tunarudi kwenye ghala lenyewe, kwenye kinu, kwenye beseni la muhogo. Tunachojifunza saa nne asubuhi kinaweza kufika jikoni saa kumi na mbili jioni.

Tena tusisahau ghala letu hapa shuleni. Kila muhula wazazi huleta mahindi ya githeri, debe hili kutoka mlimani, debe lile kutoka bondeni, yakamwagwa pamoja. Debe moja lenye unyevu linatosha kuyaharibu ya wenzake. Mahindi ya kuhifadhiwa hayafai kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Shule haina kipimo cha kisasa, na sitaki kuambiwa tungoje mfadhili. Kuna njia ya chumvi ambayo haina gharama. Unachukua chupa ya glasi iliyo kavu, unatia mahindi hadi thuluthi moja, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, unafunga na kutikisa kwa dakika moja, kisha unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi yale bado ni mabichi na yarudishwe juani. Chumvi ikianguka yote chini, yameshuka chini ya asilimia 15, na siku nyingine moja au mbili za jua zitayamalizia. Kipimo hiki hakiwezi kukwambia kama aflatoksini imo tayari. Kinakwambia tu kama umemwachia kuvu mlango wazi.

Nimeomba ruhusa ya mwalimu wa zamu tuyajaribu mahindi ya ghala Ijumaa ijayo baada ya michezo, na anayetaka kuja na mahindi ya kwao, hata mkono mmoja, alete. Chupa ninazo tatu. Chumvi tutaiomba jikoni.